Maneno Manne ya Kufukuza na Kichuguu cha Kukhu Rasoa

Mimi hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza. Lori langu la kwanza lilipinduka mtoni na mawe yote, nikaketi ukingoni nikamaliza chai yangu. Nimejenga ghorofa mjini Kakamega bila cheti hata kimoja ukutani, na wenye vyeti ndio wapangaji wangu. Kwa hivyo juzi binti yangu alipokuja sebuleni akilia kama amefiwa, sikushtuka. Nilimuuliza nani amekufa. Akasema wenzake wamemtoa kwenye kikundi cha simu. Mtu amebonyeza kidole mara moja tu, na mtoto hataki chakula! Nilicheka mpaka mama yake akanikanya.

Enzi zetu, nyinyi wa rika langu ni mashahidi, kufukuzwa kulikuwa na uzito. Tulitoka nyumbani alfajiri, umande wa mashamba ya miwa ukitulowesha mpaka mapajani, kiazi kitamu cha jana kikiwa mfukoni. Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe na maji, tukapaka sakafu ya darasa, na harufu yake ikikauka ilikuwa tamu. Msinicheke, ilikuwa tamu. Mpira wetu ulikuwa wa karatasi za nailoni zilizofungwa kamba, na mwenye mpira ndiye aliyekuwa mwamuzi. Ukibishana naye, anaenda nao nyumbani.

Nikiwa darasa la nane tuliletewa Mwalimu Ambani wa Kiingereza. Jina lilikuwa la kwetu lakini mwenyewe alizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, na mambo ya kijijini alikuwa hajui. Huyu alifundisha kwa mikono na miguu. Siku moja aliandika ubaoni maneno manne ya kumtoa mtu au kitu kwa nguvu. Kwa expel, alichukua mfuko wangu wa vitabu akautupa nje, akanionyesha mlango niufuate. Kwa evict, alimtoa mwenzangu Wekesa pamoja na dawati lake, rula yake na kiazi chake. Kwa oust, alimwinua kiranja kitini, akamkalisha mtoto mwingine papo hapo, kiranja amesimama anatazama. Kwa eject, alileta redio ya kaseti, akabonyeza kitufe, kaseti ikaruka. Kiingereza kingine chote kilinipita kama basi la Nairobi, lakini hayo manne ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Akauliza nani ana mfano wake. Nikainua mkono. Nikauliza, na tsiswa je, wale kumbikumbi tunaowatoa kwenye kichuguu, neno lao ni lipi? Maana hao hatuwasukumi wala hatuwavuti. Tunapiga vijiti juu ya ubao, wao wanadhani ni mvua, wanatoka wenyewe wakifurahi.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Nionyeshe," akasema.

Nyuma ya darasa kulikuwa na kichuguu. Kila mtoto alijua ni cha Kukhu Rasoa, nyanya mjane aliyeishi ng'ambo ya ua. Mumewe ndiye aliyetoa ardhi ya shule, akabakiza kichuguu peke yake. Kwetu kichuguu kinarithiwa kama ng'ombe, na kukivuna bila ruhusa ya mwenyewe ni wizi. Mwalimu hakujua hayo, ila aliuliza ni cha nani. Darasa lote likanitazama. Na mimi, kwa kupenda sifa, nikasema ni cha marehemu baba yangu. Wenzangu hawakunipinga. Walikuwa wameshaanza kumeza mate.

Tulifunika kichuguu kwa matawi, majani ya migomba na magunia, tukaacha tundu moja la mwanga na chini yake tukazika chungu kidogo tulichokikuta hapo kando. Nilipiga vijiti mpaka mikono ikafa ganzi, wengine wakiimba. Kumbikumbi wakaanza kutoka, kwanza mmoja mmoja, kisha kama maharagwe kwenye gunia lililopasuka. Tuliwala wakiwa hai, mabawa yakitukwama kwenye meno. Mwalimu Ambani alifumba macho, akameza mmoja, akaomba wengine. Katika vurugu hiyo mtu akakikanyaga chungu kikapasuka.

Kukhu Rasoa alikuja akifuata wimbo. Aliokota kipande cha chungu chake akakiangalia. Wale kumbikumbi ndio waliokuwa wakimnunulia chumvi na mafuta ya taa, akiwauza soko la Lubao.

"Mwalimu," akasema, "kwenu mtu akivuna shamba ya mjane mnamwitanga nani?"

Kufika saa nane wazee wa kamati walikuwa ofisini. Walisema mwalimu anayeongoza watoto kuiba hawezi kulala pale, afunge mizigo. Mimi nilikuwa chini ya dirisha. Nilimsikia Mwalimu Ambani akiomba msamaha, na jina langu hakulitaja hata mara moja. Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki tatu mbele, na nilijua nikifungua mdomo nimekwisha. Miguu ikanipeleka mlangoni yenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimdanganya kichuguu ni cha baba."

Mwalimu alibaki. Mimi mwalimu mkuu alinituma nyumbani mpaka Kukhu Rasoa alipwe kila kitu, kumbikumbi na chungu. Tulikuwa na mbuzi mmoja, na huyo ndiye aliyetengwa auzwe kulipa salio la karo, ambalo bila hilo hukalii mtihani. Mwalimu Ambani alikuja na baiskeli akitaka kulipa yeye. Mama alimkaribisha chai, akamkatalia, akauza mbuzi kumlipa Kukhu. Mimi aliniambia, "Hiyo mdomo yako imekula mbuzi. Sasa itafute kazi." Jumatatu nilikuwa kwenye machimbo ya mawe.

Na bado nawapenda wote. Kukhu Rasoa, mpaka alipofariki, kila msimu alimtumia mama sahani ya kumbikumbi waliokaangwa, na ya kwangu akaiweka kando, imefunikwa. Mwalimu Ambani alipitanga machimboni Jumamosi kuniuliza yale maneno manne, na wachimbaji wakajifunza pamoja nami.

Siku hizi kumbikumbi wakitokea kwenye taa, vijana wanafunga madirisha na kupuliza dawa. Kichuguu kilisawazishwa zamani. Binti yangu alirudishwa kwenye kikundi asubuhi iliyofuata, na nilipomuuliza ni nani aliyemtoa, akasema hajui, namba haikuwa na jina. Hapo ndipo kicheko kiliniisha. Sisi waliotutoa tuliwajua mpaka ukoo wao, walituangalia usoni, na jioni tulisalimiana njiani. Lakini ukitoka, umetoka. Watu huniuliza kwa nini sikumaliza darasa la nane, nami huwaambia shule ilinichosha. Haikunichosha. Ilikuwa salio la shilingi themanini na tatu na senti hamsini.