Majani ya Chini ya Msonobari

Miaka ile nilikuwa nakaa DeSoto, Texas, asubuhi nafanya kazi Richardson, na kuanzia saa tisa mchana mpaka usiku niko Mesquite. Aliyewahi kuendesha gari katika pembetatu hiyo ya miji iliyo mbalimbali hana haja ya maelezo. Mke wangu alikuwa muuguzi wa zamu, na kuna majuma tuliyozungumza zaidi kwa vikaratasi tulivyobandika kwenye friji kuliko kwa mdomo. Binti yetu aliyekuwa chekechea aliniambia siku moja, kwa Kiingereza chake kisicho na huruma, kwamba ninanuka udongo. Alisema kweli.

Mesquite ilikuwa kazi ya ghala, kupakia makasha kwenye malori. Udongo ulitoka Richardson. Huko, kwenye jengo la chuo, nilikuwa nachambua majani makavu ya msitu ambao sijauona mpaka leo. Nyumbani, kabla sijahamia Texas, nilikuwa mwalimu wa bayolojia wa sekondari, na hilo ndilo lililonipa nafasi. Mtafiti mmoja mwanamke, aliyekaribia kustaafu, tuliyezoea kumwita Daktari, alikuwa anatafuta watu wawili wenye subira na macho mazuri. Subira nilikuwa nayo. Macho yalitaka usingizi.

Mwenzangu alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, mtu wa makamo aliyekuwa bwana shamba kabla vita havijamtoa. Alikuwa ametangulia peke yake. Mkewe na watoto watatu walibaki kwenye kambi ya wakimbizi wakisubiri karatasi zao za kusafiria. Mimi naongea Kiswahili cha shule, yeye cha kwao, ambako mke huitwa bibi, na siku za kwanza tulirudiarudia maneno kama watu wanaozungumza kwa simu mbovu. Kufikia mwezi wa pili hatukuhitaji tena kurudia.

Daktari alitueleza utafiti wake mara moja tu, akiwa amesimama. Watu wanaopima misitu ya kaskazini, kule kwenye baridi kali, hutazama juu. Hupima vigogo vya misonobari, hukadiria kaboni iliyofungwa ndani yake, kisha huenda zao. Lakini sehemu kubwa ya kaboni ya misitu ile imo ardhini, na yanayoamua kama itakaa huko au itarudi hewani ni pamoja na mimea midogo ya chini ambayo watu huikanyaga wakipita: vichaka vya matunda vinavyofika magotini, na yale majani laini ya kijani yaliyoshikana, yanayofunika udongo wote. Haya ya pili mwenzangu aliyaita zulia, na jina likabaki. Zulia huufanya udongo uwe baridi na wenye unyevu, kwa hiyo kinachokufa huoza polepole. Daktari alitaka kujua ni polepole kiasi gani. Kule msituni alikuwa ameacha vipande vingine vya ardhi kama vilivyo, na vingine amevichuna zulia kabisa. Kote alifukia mifuko ya wavu yenye majani ya msonobari, yale membamba kama sindano, akaiacha mwaka mzima.

Mifuko hiyo ilitufikia kwenye makasha ya barafu. Tulifungua, tukatoa mizizi kwa kibanio kidogo, uzi kwa uzi, tukamwaga majani kwenye trei ya bati, tukaweka kikaratasi chenye namba ya kipande, tukatia kwenye oveni. Yakikauka tunapima, tunasaga, tunafungia kwenye vichupa. Kilichopungua ndicho kilichooza. Ni kazi ya kuinamisha shingo. Nje joto la Texas linayeyusha lami, na sisi tumeketi tukishika baridi ya nchi nyingine.

Asubuhi ninayotaka kuieleza nilikuwa nimelala kwa saa tatu tu. Mbele yangu palikuwa na jozi moja ya mifuko kutoka kwenye kinamasi cha msitu ule: mmoja wa ardhi yenye zulia, mwingine wa ardhi iliyochunwa. Jozi hiyo ilikuwa ya pekee, maana huko kinamasini wanyama walikuwa wamefukua mingine yote. Nikamwaga mfuko wa kwanza. Nikamwaga wa pili. Halafu nikasinzia, sijui dakika moja au tano. Nilipozinduka, trei mbili zilikuwa mbele yangu, na vikaratasi viwili viko mezani. Nikaweka kila kimoja mahali nilipodhani ni pake, nikaendelea.

Baada ya wiki mbili, nikiwa nanakili daftari la msituni, nilikuta maneno ya aliyefukua mifuko ile. Aliandika kwamba mfuko wa ardhi iliyochunwa ulikuwa na tundu, akaushona kwa uzi mwekundu. Nikauona uzi ule mbele ya macho yangu. Nilikumbuka kuufungua mfuko ule, na kumwaga majani yake kwenye trei yenye kona iliyobonyea. Na trei yenye kona iliyobonyea niliipima mwenyewe kwa jina la ardhi yenye zulia. Nilikuwa nimebadilisha vikaratasi.

Nilimweleza mwenzangu tukiwa tunakula, kwenye ngazi za nyuma ya jengo. Alifunga chakula chake kabla hakijaisha.

"Kaka, ukisema hiyo neno, batatufukuza wote wawili," aliniambia. "Mimi niko na bibi na watoto kule kambini. Bananiuliza kila mwezi kama niko na kazi."

Nilimwambia kosa ni langu peke yangu. Akajibu kwamba wakubwa hawatofautishi. Wakiona wageni wawili mezani na kitu kimeharibika, wanaona wageni wawili. Sikumwambia Daktari, na ukweli ni kwamba nilifurahi kupata sababu ya kunyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka hata kuaibika.

Kumbe Daktari alikuwa ameyaona matokeo. Kila mahali pengine ardhi iliyochunwa ilikuwa imeoza haraka zaidi, kama alivyotazamia, ila kinamasini ilikuwa kinyume. Hakuona kosa, aliona jambo jipya. Alituita kwenye kompyuta yake akatuonyesha mstari mmoja unaopanda pale ambapo mingine inashuka, akasema huenda mahali penye maji mengi zulia linafanya kazi tofauti kabisa. Sikuwahi kumwona akitabasamu kwa muda mrefu vile. Alikuwa na mkutano Houston mwezi uliofuata, na mstari ule ungekaa katikati ya bango lake la matokeo.

Kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua, aliniomba nimwendeshee gari mpaka Houston. Niliomba ruhusa ghalani. Tulitoka asubuhi, bango limeviringishwa kwenye kiti cha nyuma. Tulipita Corsicana yeye akisoma karatasi zake kwa sauti ya chini, akijizoeza, na kila alipofika kwenye kinamasi alipunguza mwendo wa maneno, kama mtu anayebeba kitu asitake kimwagike. Sikuweza kuvumilia zaidi. Nikamwambia kuna kitu anapaswa kukijua, nikamweleza yote: usingizi, trei, uzi mwekundu, na wiki nilizokaa kimya. Mwenzangu sikumtaja.

Nilishika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika na uzi. Nina hakika na kona ya trei."

"Basi tungeweza kubadilisha namba," alisema, akajijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. "Hapana. Yameshasagwa. Siwezi kuandika kumbukumbu ya mtu aliyesinzia kana kwamba ni kipimo." Aliikunja miwani yake. "Ulikuwa umelala kwa saa ngapi?"

"Tatu."

"Sikuwahi kukuuliza," alisema, akageuka kutazama miti ya pembeni. Tulikuwa tumekaribia Huntsville, ambako misonobari ya Texas inaanza, na chini yake vichaka vimesongamana.

Houston ilitupokea kwa mvua. Kwenye ukumbi wa mkutano alinituma nimtafutie karatasi nyeupe na gundi. Akaufunika mstari wa kinamasi, yeye mwenyewe, kisha akasimama kando ya lile pengo mchana kutwa. Kila aliyeuliza kuna nini hapo alijibiwa kwamba sampuli ziliharibika maabarani. Jina langu halikutajwa. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango nikimsikiliza akirudia sentensi ileile, na ningependelea mara mia anikaripie.

Hakunifukuza. Alinisogezea saa ya kuanza kazi kutoka mbili mpaka nne, na akaweka sharti kwamba mfuko mmoja tu ndio ufunguliwe kwa wakati mmoja. Mwenzangu alijua kwamba nilikuwa nimesema. Kwa majuma mengi alikaa upande wa pili wa meza ileile, kibanio mkononi, ananipitishia trei bila kuniangalia. Masika yaliyofuata fedha za utafiti zilikwisha, Daktari akastaafu, na sote wawili tukaondoka kama ambavyo tungeondoka hata kama ningenyamaza, au hata kama nisingesinzia. Nimelifikiria hilo sana na halijanipa nafuu. Mimi nilibaki ghalani. Yeye alipata kazi kiwandani.

Mwaka mmoja baadaye alinipigia simu. Familia yake ilikuwa inafika uwanja wa ndege, na alijua nina gari la kuingiza watu sita. Hakugusia yaliyopita, nami sikugusia. Tulisimama pamoja penye mlango wa wanaowasili, yeye amevaa koti lililombana mabegani, mpaka mkewe akatokea na watoto, kila mmoja amebeba mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zao. Alimshika mkewe mikono yote miwili. Hawakulia. Walionekana wachovu mno kulia.

Barabarani mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma, aliuliza ile kazi ya zamani aliyokuwa akiandikiwa barua kuihusu ilikuwa ya nini hasa. Mwenzangu alinitazama, akaniachia mimi nieleze, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Nikaanza kusema juu ya mimea midogo ya chini ya miti, jinsi inavyouzuia udongo usipate joto, na kilichomo ndani kisitoke. Nilipotazama kwenye kioo, wote wanne walikuwa wamelala, wameegemeana. Mwenzangu akapunguza sauti ya redio, nami nikaendesha.