Kamera Mbili na Laini ya Mwolyo

Kamati ya akina mama wa kanisa letu mjini Kitui ilinituma mimi nikanunue kamera. Hawakunituma kwa sababu ninajua kupiga picha. Mimi ni mwalimu, na watu huamini kwamba mwalimu akipewa kitu chenye kijitabu kinene cha maelezo atakisoma mpaka mwisho. Ukame ulikuwa umekaza upande wa kusini, na kanisa lilikuwa limekusanya mahindi na maharagwe ya kupeleka karibu na Mutomo. Mama Kanisa, ndivyo tunavyomwita mke wa mchungaji, alitaka picha kubwa za kutundika ukutani ili waliotoa waone vitu vyao vimefika wapi. Tulikuwa tumejaribu za simu. Zikikuzwa zinakuwa kama zimepigwa kupitia neti ya mbu.

"Chagua inayokufaa, Mwalimu," aliniambia. "Wewe ndiwe utakayeishika."

Sikumwambia kwamba huko tulikokuwa tunakwenda ndiko nilikozaliwa. Alijua tu kwamba nimeolewa Nunguni, huko Makueni, juu kwenye baridi na kabichi, na kanisani wengi hunichukulia kuwa mtu wa huko. Nilikuwa nimeliacha jambo hilo likae hivyo.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Aliniwekea kamera mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye lenzi ya kutoa na kuvalisha nyingine. Aliiita mirrorless, akaeleza kwamba zile kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani na hii haina, ndiyo maana ni nyepesi kidogo. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kutia mfukoni, na lenzi yake ilitoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe.

"Hii kubwa picha yake ni safi, hata kwenye giza," alisema. "Hii ndogo nayo inavuta mbali. Unasimama pale benki, unampiga mtu aliye hapa dukani, na hajui. Ngoja nikuonyeshe tofauti."

Akainua ile kubwa, akafumba jicho moja, akanielekezea.

Niliinama. Siwezi kusema niliamua kuinama. Nilijikuta nimechuchumaa mbele ya kaunta, mkono umefunika uso, na mkoba wangu uko sakafuni. Palikuwa na wateja wengine wawili, wakanitazama. Mwenye duka alishusha kamera polepole.

"Mama, kuna nini?"

"Vumbi," nikasema. "Limeniingia machoni."

Nilikuwa msichana mdogo, sijaanza shule, siku ile tulipokaa kwenye laini ya mwolyo. Mwolyo ndilo jina letu la chakula cha msaada. Mama alikuwa mbele akishikilia nafasi yetu, mimi nikiwa pembeni ambako gunia moja lilikuwa limepasuka. Niliokota punje za mahindi mchangani nikawa nazitafuna mbichi pamoja na mchanga wake. Gauni langu lilikuwa limeachia bega moja. Mgeni mmoja alikuja na kamera kubwa nyeusi, akapiga magoti mbele yangu, karibu sana, nikawa naiona sura yangu ndogo ndani ya lenzi. Mama alinitazama kutoka kwenye laini. Hakuweza kuja. Angetoka angepoteza nafasi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa sekondari ya bweni, mwalimu wetu wa dini aliingia darasani na kalenda iliyotoka kwa wafadhili. Akaiinua ili wote tuone. Mtoto aliyekuwa kwenye kalenda alikuwa na mahindi mdomoni na kamasi puani, na bega lake lilikuwa wazi. "Ninyi mnaolalamikia githeri ya mahindi na maharagwe," mwalimu alisema, "mwangalieni huyu." Msichana niliyekaa naye dawati moja alitokwa na machozi. Mimi nilimtambua huyo mtoto kwa gauni, maana kitambaa chake mama alikitoa kwenye pazia. Hakuna mwingine aliyejua. Kalenda ile ilitundikwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, nami nikala mgongo ukiwa umeielekea mwaka mzima.

Kwa hivyo pale dukani nilichagua ile ndogo. Nilijiambia kwamba hakuna mtoto atakayeiogopa, kwamba watu wataendelea na shughuli zao nami sitamsumbua yeyote. Niliona kama nimefanya jambo la upole.

Tulifika na lori asubuhi. Mahali penyewe palikuwa uwanja wa shule ya msingi, si mbali na mto mkavu ambamo nilikuwa nikichimba maji nikiwa mtoto. Mama alikuwa amefariki zamani na kaka yangu alikuwa amehamia mji ulio kwenye barabara ya Mombasa, basi sikuwa na sababu ya kurudi, na ukweli ni kwamba sikuitafuta. Nilijifunga kitambaa chini hadi kwenye nyusi. Akina mama wenzangu walipoanza kupima mahindi, mimi nilikwenda nikasimama kando ya tangi la maji, mbali, kamera ikiwa kiganjani.

Ilivuta kweli kama mwenye duka alivyosema. Nilipiga mikono. Nilipiga nyuso. Nilimpiga mama mmoja mzee aliyekuwa ameinama akiokota maharagwe yaliyomwagika, leso yake ikiwa imemteleza na mgongo kuonekana. Picha ilitoka vizuri sana. Nilipoitazama kwenye kile kioo kidogo nilifurahi, nikijua Mama Kanisa ataipenda.

Yule mama aliinuka, akatazama huku na huku, kisha akaja moja kwa moja nilipokuwa. Hakuwa na haraka. Alipokaribia nikamtambua. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa akimsuka mama nywele.

"Wewe ni mtoto wa yule mama aliyekuwa akisuka vyondo," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Nilikujua kwa unavyosimama. Hiyo unayoshika ni nini? Simu?"

"Ni kamera, mwaitu." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na sikuwa nimelitamka neno hilo kwa mtu yeyote tangu tumzike wangu.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga."

"Nikiwa nafanya nini?"

Nilimwonyesha. Alikaza macho kwa muda mrefu, akivuta leso yake mabegani bila kujua kwamba anaivuta.

"Wale wa zamani walikuwa na kile kidude kikubwa," alisema. "Tulikuwa tukikiona kinakuja. Mwenye kutaka kugeuka aligeuka, asiyetaka alibaki. Wewe umenipiga nikiwa nimeinama, na ukasimama huku ili nisikuone. Kwa nini, mwanangu? Mimi ningekukataza?"

Nyuma yake Mama Kanisa na wenzangu wawili walikuwa wamekuja kuona kama kuna shida, na yule mama akawageukia kwa furaha, kama mtu anayewatambulisha wageni kwa mwenye nyumba.

"Huyu ni wa hapa," aliwaambia. "Alikuwa anakaa kwenye laini na sisi, mahali hapahapa, hana viatu. Mama yake alilia sana siku alipopigwa picha akila mchanga. Alisema, wamempeleka mtoto wangu Ulaya akiwa uchi."

Hilo sikuwa nikilijua. Sikujua kwamba mama alilia. Nyumbani hakutaja picha ile hata mara moja. Nilitazama viatu vyangu, vya ngozi, nilivyovaa kwa ajili ya safari, na nikasikia joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Mwenzangu mmoja aliuliza kama kuna aliyeona kopo la kupimia, akaenda kulitafuta.

Nilimwomba yule mama msamaha, nikafuta picha mbele yake. Nilifuta na nyingine zote. Aliniambia nisubiri. Alikwenda kwake, akarudi amevaa kitambaa cheupe cha kanisani na koti la marehemu mume wake, akasimama mbele ya tangi, mikono pembeni.

"Sasa piga," alisema.

Nilipopiga alitaka tupigwe pamoja. Mama Kanisa akachukua kamera. Katika picha hiyo yule mama anaangalia mbele wima kabisa, na mimi ninaangalia chini.

Tukirudi, Mama Kanisa alikaa nami. Tulipopita Mutomo akauliza, kwa sauti ya chini, "Mbona hukutuambia?"

"Niliona aibu."

"Ya sisi?"

"Ya kila kitu."

Wiki iliyofuata nilirudisha kamera dukani. Ilikuwa bado mpya na sanduku lake lilikuwa zima, na mwenye duka akakubali nibadilishe, kanisa likaongeza kilichopungua. Nilichukua ile kubwa. Ni nzito shingoni na siipendi, lakini nikiwa nayo siwezi kujificha, na mtu akiona ninakuja ana nafasi ya kujipanga au kunigeuzia mgongo. Kamati haikufurahia picha mbili zilizobaki. Mmoja wao alisema yule mama wa koti haonekani kama ana shida yoyote, nani atatoa akimwona hivyo. Mama Kanisa alisema itundikwe. Ikatundikwa, na ni kweli kwamba watu hupita bila kusimama kuitazama.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe habari ilipanda mpaka Nunguni. Likizo ilipofika nilikwenda na mume wangu kwa mama yake, naye akaniita jikoni tukiwa wawili tu, akiwa anachambua mboga za sukuma.

"Nimesikia ulikula mwolyo ukiwa mtoto," alisema.

Mume wangu mwenyewe nilikuwa nimemwambia juzi tu, njiani, nikitazama nje ya dirisha. Nilisema ndiyo.

"Hata sisi tulikula," alisema. "Hapahapa Nunguni. Watu hufikiri huku juu mvua haikosi. Tulikaa laini, mimi nikiwa na mume wako mgongoni. Ila sisi hakuna aliyekuja kutupiga picha."

Alinipa kisu nimsaidie kukata. Nilitamani maneno yake yanitue mzigo, na ninaamini ndivyo alivyokusudia. Lakini nilikuwa nikimfikiria mama yangu akiwa kwenye laini, ananitazama, asiweze kuja, na machozi yalipoanza nikageukia moshi wa kuni ili mama mkwe asiyaone. Aliyaona. Akasogeza kiti chake karibu na changu, tukaendelea kukata.