Nilikata miiba hifadhini, nusura mke wangu afukuzwe kambini

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, niliingiza ng'ombe ishirini wa tajiri kwenye korongo lenye maji huku kijijini Hirbadaw. Wakatoka kumi na tisa. Ndama mmoja alisombwa na maji. Nilichapwa, nikafukuzwa bila ujira. Shida zangu zilianzia hapo.

Wakuu, nawasalimu wote. Nimeishia darasa la tatu, naandika kama ninavyoongea, na chumvi siongezi.

Mwaka huu mke wangu, Mama Emanueli, aliniambia: "Wazungu wanapita hapa kwenda kuona wanyama. Mimi nakamua tu."

Miaka arobaini hajalala mahali pasipo na ng'ombe. Nikaona kweli.

Tukaenda ile hifadhi ndogo ya kando ya mto wanakokwenda hao Wazungu. Jamani, ni pazuri! Maji yametulia, mikuyu mirefu mpaka shingo inauma. Wengi wanakuja asubuhi, jioni wanaondoka. Sisi tulikodi tenti tulale.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Nilipoona tenti iko wazi, haina boma, nikatoa panga kwenye mzigo, nikakata matawi ya mgunga, nikazungushia miiba pande zote. Mfugaji halali hivihivi.

Akaja askari wa hifadhi, binti mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hilo panga nipe. Kukata mti humu ni kosa. Naweza kuwatoa sasa hivi."

"Wewe hujazaliwa mimi nafukuza fisi..."

Mama Emanueli akanikatisha: "Baba Emanueli, funga mdomo! Nimesubiri miaka yote hii, unifukuzishe kwa miiba?"

Wakuu, mimi siombagi radhi. Siku hiyo niliomba, kwa mtoto wa rika la mjukuu wangu.

Akachukua panga. "Mzee, boma la hapa ni mimi. Wewe pumzika."

Asubuhi tembo wakashuka kuvuka mto. Mama Emanueli kasimama, mkono mdomoni. Mimi nikajikuta nahesabu. Waliingia majini kumi na mmoja. Kadogo ka mwisho kakayumba, mama yake akakazuia kwa mkonga, akakasukuma.

Wakatoka kumi na mmoja.

Nililia. Sioni aibu.

Nilichojifunza: mpeleke mkeo angali anaweza kutembea, na panga acha nyumbani. Mliowahi kulala huko, semeni mliona nini.

Leo nina ng'ombe arobaini na wawili, mbuzi, shamba la mahindi, nyumba ya bati, pikipiki, picha moja ya Mama Emanueli na tembo nyuma yake. Na panga. Nilirudishiwa getini.