Miguu Niliyoiona Nikiwa Chini ya Landrova

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na chuma kilichoshika kutu hunitia wazimu kuliko binadamu yeyote. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vipuri vikaanza kujaa madukani Dar es Salaam, nilikuwa na Landrova kuukuu pale Kibiti, ikibeba samaki na watu kutoka delta. Maji ya chumvi yalikuwa yameila kwa mbele. Bushi za springi, zile raba za kuzuia mtikisiko, zilikuwa zimekwisha. Ukishika usukani, gari linakwenda linakotaka lenyewe, na kila shimo linagonga mpaka kwenye meno. Mimi nilishazoea. Abiria walikuwa wakishuka wanajishika viuno na kunisema vibaya.

Aliyenifanya nilitengeneze ni mkwe wangu, mama yake mke wangu. Jicho lake moja lilikwisha kufa, la pili lilianza kuingia ukungu. Daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali ya misheni pale Mchukwi, na akiondoka hatujui atarudi lini. Tulimbembeleza sana mama wa watu. Kisu kwenye jicho hakitaki, anasema, heri Mungu amchukue hivyo hivyo. Mwishoni alishuka kutoka Ngorongo akafikia kwa dada yake, hapo hapo Kibiti, lakini neno la ndiyo hakulitoa. Na manesi walishatuonya: akipasuliwa, asitikiswe njiani. Kwa Landrova ile? Angefika Ngorongo jicho liko mkononi.

Basi, siku moja kabla ya daktari kufika, nikapiga jeki uani kwangu, bushi mpya ziko pembeni, nikaingia chini. Nimevaa msuli tu, tena umechanika, kifua wazi. Springi ya kushoto ilitoka kwa adabu. Ya kulia, boliti imeng'ang'ania ndani ya bushi, haisogei. Nikagonga. Nikamwagia mafuta ya taa, nikagonga tena. Nyundo ikateleza, ikaniponda kidole, ikarukia mchangani nisikoweza kufika.

Hapo nikaona miguu imesimama. Vidole vifupi, kisigino kipana, ndala, pindo la kanga. Mke wangu huyo.

"Nipe nyundo," nikasema.

Ikasogezwa taratibu mpaka karibu na mkono wangu. Kimya. Nikajua amenuna, maana asubuhi tulikuwa tumegombana juu ya mama yake, na kidole kilikuwa kinanipwita.

"Nuna tu," nikamwambia, "lakini ukweli nitausema. Mama yako mbishi kuliko boliti hii! Hata yeye ukimmwagia mafuta ya taa halegei. Mimi najivunja mgongo huku chini, mwenyewe anajifanya bibi harusi wa kubembelezwa. Basi na apofuke, tupumzike!"

Miguu haikusogea. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, inatokea mlangoni mwa nyumba:

"Mama! Mbona umesimama juani? Karibu ndani."

Lahaula! Kwetu mkwe hupigi naye soga. Ukimwona anakuja unapisha njia, na ukiwa na neno unampitishia mkeo au mtu mwingine. Tangu nioe sikuwahi kusema naye lolote zaidi ya shikamoo ya mbali. Ndiyo maana alinyamaza: heshima ilimfunga mdomo, na mimi wangu uko wazi kama lango la zizi. Na kutoka nitatokaje, na msuli ule? Nikabaki palepale, mafuta machafu yananidondokea shingoni, nisiyafute. Nilitamani jeki iteleze.

"Nilikuja kukwambia nimekubali," nikamsikia anamwambia binti yake. "Sasa narudi kwetu Ngorongo."

Ile miguu ikageuka, ikaenda zake. Mke wangu akachuchumaa, akanitazama chini ya gari. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Jicho la mama yangu," akasema. "Umeridhika?"

Nilioga haraka nikamkimbilia mzee aliyekuwa mshenga wangu. Nilivyomsimulia, aliziba uso kwa kofia yake.

"Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi," akasema. "Wewe umejikwaa vyote viwili."

Akachukua doti ya kanga niliyoinunua njiani, akaenda nayo kwa yule dada yake mkwe. Mimi nikangoja barazani kwa mzee, kila apitaye naona kama anajua nilichosema. Aliporudi alikuwa anazuia kucheka.

"Hakusema amekusamehe. Kanga amepokea. Ameuliza tu, ile boliti imetoka?"

"Haijatoka."

"Basi kaitoe. Kesho atapanda."

Niliichoma ile bushi kwa moto mpaka raba ikayeyuka, boliti ikatoka. Mpya nikazipaka maji ya sabuni nikaziingiza, na safari hii sikutukana hata chuma.

Asubuhi alipanda nyuma, juu ya godoro, binti yake ubavuni. Gari lilinyooka barabarani, halikugonga wala kuyumba. Kwenye kioo sikuthubutu kutazama.

Alipasuliwa. Nesi akamtoa, macho yote yamefungwa bandeji, wakati huo mke wangu amekwenda kuchota maji bombani.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani? Mshike umpeleke kitandani."

Nikatazama nyuma, labda yuko ndugu mwingine. "Nesi, mimi ni mkwe wake..."

"Kwani wakwe hawana mikono?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Mama akanyoosha mkono hewani.

"Ni wewe? Nasikia harufu ya grisi."

"Ni mimi, mama."

"Nishike basi. Ukinipisha njia leo, nitaanguka."

Nikamshika, mkono wangu mweusi, kucha zimejaa uchafu. Kwa haya nikawa nakwenda mbio, namvuta. Na njia yote mpaka kitandani, yeye asiyeona ndiye aliyekuwa akiniambia, "Taratibu, mwanangu. Taratibu."