Mpagazi Aliyesali kwa Miguu

Ijumaa moja ya Kwaresima naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Bibi asinisikie.

Nimekuita kwa sababu Jumapili iliyopita wametangaza jina lako kanisani, kwamba sasa wewe ndiye utakayewafundisha wakatekumeni wa kigango chetu, hao wanaongoja kubatizwa. Nimefurahi, na nimeogopa pia. Kazi hiyo niliianza nikiwa na umri kama wako, enzi za Mwingereza, na mwaka wangu wa kwanza tu nilikaribia kumfungia mtu mlango wa mbinguni kwa mikono yangu miwili. Keti basi. Chai inakuja, na habari yenyewe si ya kusimuliwa kwa haraka.

Wakati ule kigango chetu kilikuwa nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, huku nyuma ya Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Padri, Mzungu wa ndevu mpaka kifuani, alikuja kwa baiskeli mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine mwalimu wa dini aliongoza sala. Jumatano na Ijumaa yalikuwa mafundisho. Jumamosi wanawake walisiliba sakafu, na waliotaka kuungama walianza safari ya kwenda Misheni, Tabora, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Walilala kwa ndugu, wakasikiliza Misa asubuhi, wakarudi. Jumatatu kila mtu alikuwa na jembe lake shambani. Wiki yetu ilikwenda hivyo, na tuliipenda.

Mwalimu wetu aliitwa Dominiko, mzee mpole mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Mwaka ule kidonda kilizidi, wakamlaza katika zahanati ya Misheni. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya Misheni, nina kaptula ya kaki na daftari lenye jalada gumu nililopewa na Padri mwenyewe. Basi darasa likawa langu. Kweli nakwambia, sijawahi kujiona mkubwa kama mwaka ule.

Miongoni mwa wakatekumeni alikuwamo Mzee Mihayo. Huyu alikuwa mpagazi ujanani mwake. Alibeba mizigo kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi, akaenda tena, mpaka bega lake la kulia likafanya nundu ngumu ambayo watoto waliomba kuigusa. Mkewe, Bibi Agata, alibatizwa kabla yake, akafa, akazikwa kwenye makaburi ya Wakristo. Wakati ule asiyebatizwa hakuzikwa humo. Mzee Mihayo alikuwa na ombi moja tu maishani mwake, na hakulificha kwa mtu: abatizwe kabla ya kufa, alale karibu na Agata.

Tatizo ni kwamba hakuweza kujibu. Mimi niliwaketisha wote juu ya magogo, mikono imekunjwa, macho mbele, kama nilivyoketishwa mimi shuleni. Nikamwuliza Amri za Mungu, akataja mbili, akanyamaza. Nikamwambia asali Nasadiki, ile sala ya imani, akaanza vizuri, akafika katikati akapotea. Alitokwa jasho mzee wa watu. Wiki baada ya wiki mambo yalikuwa yale yale. Jambo moja nililiona lakini sikulitafakari: Ijumaa tulipofanya Njia ya Msalaba, tukitoka kituo hadi kituo, yeye hakukosa neno hata moja.

Ijumaa ile ninayokwambia, alikuwa amekwama tena kwenye Nasadiki. Akainua mkono.

"Mwalimu, naomba unipe ruhusa nisimame. Nitembee kidogo."

Nikamjibu mbele ya wote, "Mzee, hapa ni nyumba ya Mungu. Njia ya Bagamoyo iko huko nje."

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka. Yeye akakunja mikono yake tena, akatazama sakafu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Dole langu lingekwisha pona, lakini neno lile linaniuma mpaka leo.

Jioni ile nikafungua daftari nikafuta jina lake. Nilijiambia kwamba hayuko tayari, na asubiri mwaka mwingine. Ukweli ni kwamba nilitaka darasa langu la kwanza lisiwe na hata mmoja wa kushindwa mbele ya Padri. Nililinda sifa yangu. Nilipomweleza Mzee Mihayo, aliuliza swali moja tu: "Mwaka mwingine, mwalimu, mimi nitakuwapo?"

Jumamosi ya kuamkia Matawi tukaondoka kwenda Misheni. Wakatekumeni walitakiwa kukaa huko Juma Kuu lote, wapimwe na Padri, kisha wabatizwe Jumamosi Kuu asubuhi. Kila kigango kilipeleka unga wa watu wake. Asubuhi, umande ungalipo, nikamkuta Mzee Mihayo mlangoni pa kanisa, na gunia la unga liko begani tayari.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu. "Hawa wanawake wana watoto mgongoni. Unga nitaubeba mimi."

Alibeba chakula cha watu waliochaguliwa, na yeye hakuchaguliwa. Nilimwitikia huku nikitazama pembeni.

Tulipoingia kwenye njia ya zamani, akina mama wakatangulia, naye akafuata kwa hatua zake, si za haraka wala za pole, kila hatua sawa na iliyotangulia, fimbo ikigusa ardhi. Nami nilikuwa nyuma yake. Karibu na Kwihara nikamsikia akinong'ona. Nikasogea. Ilikuwa Nasadiki. Hatua moja, neno. Hatua nyingine, neno. Akaimaliza yote. Akaingia Amri za Mungu, akazitaja kumi kwa mfuatano. Akaingia Sakramenti saba. Alipobadili bega alinyamaza kidogo, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Mzee huyu alijifunza kila kitu cha maisha yake akiwa njiani: nyimbo za msafara, majina ya vituo, visima vyenye maji na visivyo na maji. Maneno yake yalikaa miguuni. Mimi nilikuwa nimemketisha kwenye gogo, nikamwambia kumbuka.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Kumfuta kulikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini baada ya kumsikia nilijua. Niliendelea kutembea nyuma yake nikiwaza: nikirudisha jina lake leo, watu watasema nilikosea, na wale waliocheka nami watanicheka mimi. Kiburi si maungwana, lakini kikishakaa kifuani hakiondoki kirahisi.

Tukafika. Padri alitoka na karatasi yangu mkononi, akasoma majina mbele ya kanisa. Kila aliyeitwa alisogea mbele. Mzee Mihayo alikuwa akitua gunia, kichwa kimejaa vumbi la unga. Padri akamtazama, akanitazama.

"Mwalimu, hawa ndio wote?"

Nikasema, "Ndiyo, Padri. Ndio wote."

Mzee Mihayo alinisikia. Alijipangusa unga, akachukua fimbo yake, akageuka kurudi nyumbani, saa tatu nyingine, bila hata kuomba maji.

Nikaenda zahanati kumsalimu Mwalimu Dominiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogeza niketi kitandani. Kisha akauliza habari za Mihayo, kabla ya kuuliza za mtu mwingine yeyote.

"Nimemfuta," nikasema. "Hawezi kujibu."

"Ulimpima akitembea?"

Nadhani aliusoma uso wangu wote.

"Mimi nilimfundisha miaka mitatu tukienda shambani," akasema. "Sikukwambia kwa sababu nilidhani ukiona mzee anahangaika utamwuliza kinachomsumbua. Hukumwuliza?"

"Aliniomba atembee. Nilimkatalia." Nikaendelea: "Na leo njiani nimemsikia akisali yote. Padri ameniuliza, nikasema hakuna mwingine."

Mwalimu Dominiko hakupandisha sauti. Laiti angenipiga kwa fimbo yake ningeshukuru. Alisema, "Mwanangu, wewe uliwekwa mlangoni ili uwashike watu mkono waingie. Nani alikupa ufunguo wa kuwafungia? Amka umfuate. Na ukirudi, utakayoyasema kwa Padri utayasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilikimbia. Jua lilikuwa linaelekea magharibi nilipomkuta ng'ambo kidogo ya Kwihara, ameketi juu ya jiwe, anahema. Kwa mara ya kwanza nikamwona alivyochoka, alivyo mzee. Nikapiga magoti pale vumbini.

"Baba, nimekukosea. Nilikusikia asubuhi. Nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Akasema, "Nilijua umenisikia. Mpagazi hujua nani yuko nyuma yake."

"Mbona hukusema mbele ya Padri?"

"Ningesemaje? Mwalimu ni wewe." Akanyoosha mkono nimwinue. "Kijana akianza kubeba, hutua mzigo wake vibaya, ukamponda mwenzake mguu. Hatumwachi njiani kwa hilo. Twende, lakini pole pole, kifua changu si cha zamani."

Sehemu nyingine za njia nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na nililia nikiwa nimembeba, kwa kuwa hakuweza kuuona uso wangu.

Jumapili, baada ya Misa ya Matawi, nilisimama mbele ya Padri na watu wa vigango vyote nikasema, "Jana nilisema ndio wote. Nilisema uongo." Nikaeleza. Padri akashika ndevu zake. Mwalimu Dominiko alikuwa ameletwa, ameegemea mkongojo. Akaagiza lile gunia la unga liletwe, likawekwa juu ya bega la Mzee Mihayo.

"Padri," akasema, "tembea naye."

Wakazunguka kanisa, Mzungu na kanzu yake nyeupe, mpagazi na gunia lake. Padri aliuliza, mzee akajibu, hatua kwa hatua. Mzunguko wa kwanza sala, wa pili Amri, wa tatu Sakramenti. Waliporudi mara ya tatu, Padri alilichukua gunia kwa mikono yake akalitua chini. Akamwuliza anataka jina gani.

"Simoni," akasema Mzee Mihayo. "Yule aliyesaidia kubeba msalaba. Huyo ni mpagazi mwenzangu."

Jumamosi Kuu akabatizwa, na aliyesimama nyuma yake kama msimamizi, mkono wangu juu ya lile bega lenye nundu, ni mimi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenitaka.

Pasaka nyingine haikumkuta. Mvua za kwanza tu zilipoanza, kifua kikambana, akaenda zake. Alijua alichokisema aliponiuliza swali lile. Tulimzika kando ya Bibi Agata. Nilibeba jeneza upande wa kulia, na njia nzima nilisali Nasadiki kwa hatua zake. Nilikuwa nikiwaza kwamba kama Mwalimu Dominiko asingeniuliza, ningekuwa namzika huyu mzee porini, nje ya ua, na mkewe ng'ambo. Majuto ni mjukuu. Mimi nilinusurika nayo kwa jioni moja tu.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kabla hujafuta jina la mtu, ondoka kwenye kiti chako utembee naye, umwulize anavyojua kile anachokijua. Asiyeweza kusema, pengine anaweza kuimba. Anayeshindwa kanisani, mfuate shambani. Usimtanie mzee mbele ya watu. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usingoje aibu ipungue ndipo useme. Sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliosikia uongo wako.

Lipo na jingine, nalo ndilo hasa nililokuitia. Hujafa hujaumbika. Siku hizi nikiketi kusali, maneno yananitoka. Juzi Padri wetu kijana aliniletea Komunyo hapa nyumbani, akaanza Nasadiki, nami katikati nikapotea kama alivyopotea Mzee Mihayo. Nimeona Padri alivyonitazama. Lakini asubuhi nikizunguka ua na mkongojo wangu, sala zote zinarudi, na sikosi hata moja.

Siku ikifika ambayo nimelala na nimenyamaza, na watu wanasema mzee huyu hajui tena anachosali, wewe usiwaache waseme. Niinue. Nipitishe mkono begani mwako, tuzunguke ua hatua kwa hatua, nawe usikilize.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa ulimi wa kufundisha. Bega lako lisichoke, na wote utakaowashika mkono wakutangulie kuingia, nawe uingie nyuma yao. Amina. Haya, nipe huo mkongojo, nikusindikize mpaka njiani.