Kijiti cha Pili Kilimani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wivu uliponitia kisu mkononi, nikachonga kijiti.

Miaka ile ya Ujamaa barabara ya Bunda kwenda Musoma ilikuwa ikitengenezwa, na karibu na njia panda ya Butiama palibaki upana wa lori moja tu. Mwenzangu Marwa aliwekwa upande wa Bunda kuongoza magari, mimi upande wa Musoma, kila mtu na bendera zake, nyekundu na ya kijani. Kati yetu palikuwa na kilima, hatukuonana. Basi msimamizi akatupa kijiti kimoja cheupe. Dereva wa mwisho wa Marwa aliniletea kijiti hicho, ndipo nikafungulia wangu. Wa mwisho wangu akakirudisha. Asiye na kijiti hafungulii.

Lakini Marwa ndiye aliyefanywa mkubwa wetu, akavalishwa kitambaa chekundu mkononi. Wivu ukanila, sikufichi. Malori yake ya pamba yalikuwa mengi, nami nikibaki na foleni ya madereva wanaonitukania mpaka wazazi. Nikaona mwenzangu anakula sifa, mimi nakula vumbi. Hasidi hana sababu.

Nikachonga kijiti kingine, nikakipaka chokaa, na cha kweli kikiwa bado kwa Marwa, nikampa dereva wa basi la mbele aamini zamu yetu imefika, nikainua kijani. Kilimani basi likakutana na lori la pamba uso kwa uso, nyuma ya kila moja msururu. Tulikwama mpaka jioni, mvua ikainyeshea pamba ya kijiji kizima.

Msimamizi akashika vijiti viwili, akauliza nani kachonga. Nikanyamaza. Akafukuzwa Marwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, naye ndiye aliyekuwa akimlisha mama yake mjane kule Kiriba.

“Najua ni wewe,” Marwa aliniambia akinikabidhi kitambaa, maana ukubwa nilipewa mimi. “Ulikuwaga unafikiri kwangu hawatukani? Hata mimi nilikuwaga nasubiri. Kilima tu kilikuzuia kuona.”

Kitambaa nilikivaa. Hata leo namwonea Marwa wivu, maana yeye aliondoka na moyo mweupe.

Mwanangu, ukikuta taa nyekundu njia panda usidhani umeonewa. Kungoja kunauma, najua. Lakini ng'ambo usikoona kuna mwenzako aliyengoja ili wewe upite, na wote wakifunguliwa pamoja hafiki mtu. Mungu akupe moyo wa kufurahi mwenzako anapopita. Na siku ukikosa, akupe ulimi wa kusema “ni mimi” kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako.