Barua ya Kumruhusu Nassor

Nakumbuka, mwanangu, siku tatu nilizozimaliza nikiandika barua ya mistari sita. Hilo ndilo kosa langu kubwa la kwanza, na nalitaja mapema usije ukadhani nakuhubiria kutoka juu ya mnara. Sikuiba, wala sikumtukana mtu. Nilichelewa tu, na kuchelewa kwangu kukamkosesha mwenzangu mwaka mzima wa ujana wake.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Maskati. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, katibu wa timu ya mtaa wetu nyuma ya Ruwi. Usifikirie uwanja wa nyasi. Ulikuwa changarawe na vumbi, mistari tukiichora kwa chokaa, na aliyeanguka alirudi kwao goti limechunika. Lakini tulikuwa na Nassor. Nassor alicheza katikati, na kila mpira ulipita kwake kabla haujafika kokote. Akiinua kichwa kutazama mbele, sisi wa ukingoni tulinyamaza kimya. Tulijua pasi inakuja, hatukujua inakwenda wapi.

Jumatatu moja baada ya alasiri alitukuta mkahawani tunakunywa chai. Hakuzungusha maneno. Kiwanda kimoja cha Rusayl, kule kwenye viwanda nje ya mji, kilikuwa na timu yake, kinamtaka akachezee huko, na pamoja na kucheza kitampa kazi ya kudumu. Msimu wetu ulikuwa umekwisha na mkataba wake umekwisha nao. Ilibaki barua moja tu, ya Kiarabu, ya timu yetu kusema imemruhusu, ifike Rusayl Jumatano kabla ya adhuhuri, ndipo usajili unapofungwa. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa akishona kofia kwa mkono, na macho yake yameanza kuchoka. Sote tulilijua hilo.

Nassor alipoondoka tu, mkahawa ukawaka moto.

"Huu usaliti!" alisema Khamis, dereva wa teksi, shabiki wetu mkubwa na mwenye sauti kubwa zaidi. "Tumemlea sisi tangu anacheza miguu mitupu. Leo kaiva, wanamla wengine!"

"Kwani mkataba haujaisha?" aliuliza Wafula, fundi wa viyoyozi kutoka Kenya. "Mwacheni aende, bana. Mtu anatafuta kazi."

"Wewe nyamaza. Wewe hata timu ya kwenu uliiacha."

"Si ndio! Niliiacha, nikakuja kukufungia kiyoyozi ulale vizuri. Siku hiyo uliniita msaliti?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Khamis hakucheka. "Haya, yakhe, mwakani tukikutana nao, nani atamkaba Nassor? Wewe na hilo tumbo?"

Kisha wakanigeukia mimi. "Katibu, wewe unasemaje?"

Nikatoa jibu la mtu mwoga. "Barua lazima ikae sawa," nilisema. "Haraka haraka haina baraka."

Angalia sana, mwanangu, methali unayoikimbilia ukiwa na hofu. Mara nyingi ni nzuri, ila si ya siku hiyo.

Sasa nikueleze hofu yangu, maana bila ya hiyo hutanielewa. Mimi nilikuja Maskati kutoka pwani ya Waswahili, nimeshakuwa kijana. Kiarabu cha nyumbani kwetu kilikuwa cha kuombea dua na kusalimia wakubwa, mengine yote Kiswahili. Cha kuandika nilijifunza peke yangu, kwa magazeti ya juzi na kamusi isiyo na jalada. Siku moja nilipeleka barua mahali, bwana mmoja akaisoma kwa sauti mbele za watu, akacheka, akauliza, "Hii kaandika nani, mtoto?" Tangu hapo kila karatasi niliiona ina meno.

Basi usiku wa Jumatatu niliandika nikachana. Jumanne salamu ya mwanzo niliiona fupi, nikaandika tena. Halafu niliiona ndefu. Nassor alipita jioni, akasimama mlangoni na viatu vyake vya mpira mkononi.

"Tayari, Katibu?"

"Bado kidogo."

"Mistari sita tu, ndugu yangu."

"Kesho asubuhi. Wewe tangulia Rusayl, mimi nitakuletea."

Jumatano asubuhi barua ilikuwa tayari, na ilikuwa nzuri. Nikapiga muhuri, muhuri ukakaa upande. Ungelikuwa wewe ungelikwenda nayo. Mimi nilikaa nikaiandika upya yote, herufi moja moja, huku saa ya ukutani ikinitazama.

Khamis ndiye aliyenipeleka. Adhana ya adhuhuri ilitukuta barabarani, ndio kwanza tunaupita uwanja wa ndege. Khamis akapunguza mwendo, akatabasamu. "Basi tena. Atabaki kwetu."

Na hapa ndipo pagumu kupasema. Aliposema vile, moyo wangu ulipoa. Ulifurahi, mwanangu. Nilikuwa na barua iliyonyooka kifuani na furaha iliyopinda moyoni, na ndipo nilipojua kwamba kwa siku tatu sikuwa nikisahihisha tu. Na mimi sikutaka aondoke.

Nassor alikuwa amesimama langoni mwa kiwanda, juani. Usajili umefungwa. Aliipokea barua, akaisoma, akaikunja. "Umeandika vizuri," alisema. "Haidhuru." Hiyo haidhuru yake iliniuma kuliko tusi.

Siku ya pili nilikwenda kwao kumwomba radhi mama yake. Bi Zuwena alikuwa kwenye mkeka, kofia nyeupe magotini, anazungushia uzi vile vitundu vidogo, kimoja baada ya kimoja. Hakunikatiza. Nilimweleza habari ya salamu, ya muhuri, ya kupenda kitu kikae sawa. Nilipomaliza alinipa ile kofia.

"Nitafutie kosa."

Nililiona mara moja, na hili nikiri, nilifurahi kuliona. Kitundu kimoja kilikuwa kikubwa kuliko wenzake.

"Macho unayo," alisema. "Kofia hii ya kaka yangu, ataivaa sikukuu. Nikiifumua kwa ajili ya kitundu hicho, itamalizika Mfungo Pili, sikukuu imeshapita mwezi mzima. Itakuwa nzuri kweli. Aivae wapi?"

Nikairudisha kofia magotini pake.

"Na usinambie ulikuwa ukisahihisha tu. Mimi nnashona miaka thalathini. Nnaujua mkono unaosahihisha, na nnaujua mkono unaozuia."

Nililia, mwanangu. Mtu mzima na ndevu zangu. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe, kisha akasukuma kikombe cha chai mbele yangu, na karatasi, na kalamu ya mjukuu wake.

"Waandikie wenye kiwanda. Waambie kosa la nani. Na umalize kabla chai haijapoa, ngoja ngoja huumiza matumbo."

Niliandika. Sikuwa na kamusi wala muhuri. Nilisema mimi ndiye niliyechelewesha barua, Nassor alikuwa langoni tangu asubuhi, na kama usajili wa timu umefungwa basi nawaomba wasimfungie kazi. Nilipotaka kuisoma tena, Bi Zuwena aliichukua, akaitia katika bahasha.

Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi huku wakati ule, nilikwenda Rusayl mwenyewe. Msimamizi, Mwomani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliisoma kwa sauti. Katikati alicheka. Akachukua kalamu nyekundu akanisahihishia neno moja, pale pale, mbele ya makarani wawili. Lile jambo nililolikimbia miaka yote lilinifika, na ukuta haukuanguka. Nilikuwa bado nimesimama.

"Kwa hiyo kosa ni lako wewe?" aliniuliza.

"Langu, bwana."

"Si mara nyingi naletewa barua kama hii." Alivua miwani. "Timu mpaka msimu ujao, hilo silifungui. Lakini ghalani nnahitaji mtu. Mwambie aje Jumatatu."

Nilikimbia kutafuta simu, nikampigia jirani yao. Nassor alipokuja kwenye simu nilimwambia habari kama zilivyokuja, bila kuzipanga. Halafu akasema, "Katibu, leo umewahi."

Hata hivyo nisikupambie. Msimu ule Nassor hakuchezea timu yoyote. Jioni alirudi kutoka ghalani akasimama ukingoni kwetu, akitutazama tunapoteza mipira aliyokuwa akiipata usingizini. Alikuwa katika umri wake bora, na umri haurudishwi kwa barua. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimemlea mimi.

Msimu uliofuata alisajiliwa. Barua yake ya ruhusa niliiandika siku ile ile aliyoniomba, yeye akingoja mlangoni. Tulipokutana nao alitufunga kwa pasi mbili ambazo mpaka leo nikizikumbuka nnatikisa kichwa. Khamis alimlaani kipindi chote cha kwanza. Cha pili akawa anampigia makofi kwa kificho, mikono chini ya meza ya maji.

"Naona mikono, Khamis," alisema Wafula.

"Nnafukuza nzi!"

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu, nayo si ndefu. Penda kazi iliyo safi, lakini ujue siku yake ya kuvaliwa. Kitu chenye kosa dogo kikifika kwa wakati kitamfaa mtu, na kilichokamilika baada ya wakati kinakufaa wewe peke yako, kukitazama. Ukijiona unakawia sana, weka kalamu chini uuulize mkono wako: unasahihisha, au unazuia? Na umpendaye akiwa na pa kwenda, mwandikie ruhusa yake mapema. Mlilie baadaye.

Mungu akupe macho ya kuona kosa na moyo wa kulivumilia. Akujaalie wa kukupokea uendako, na wa kukuombea dua utokako, na barua yako isikute lango limefungwa.

Mimi hofu sijaipona. Bado karatasi nyeupe hunitoa jasho. Ila tangu mwaka ule barua naiandika mara moja, naisoma mara moja, naitia sahihi, na mtu anaondoka nayo siku hiyo hiyo.